Vigamba Viwili Ndani ya Ua la Nyasi

Kidete,
6 Oktoba 1974

Mjomba Onesphory,

Shikamoo. Huku sote wazima, ukimwondoa aliyeondoka. Mama anakusalimu. Tangu serikali ituteremshe kutoka mlimani mwezi wa nane hajafungua mzigo hata mmoja. Anakalia furushi la vyungu akitazama tulikotoka, na mtu akimwuliza anasema anangoja lori la kurudi. Nyumba tuliyopewa hapa kijijini ni ya tatu kutoka reli. Treni ikipita vikombe vinalia. Nimeshazoea.

Mume wangu Lemomo alifariki tarehe 11 Septemba kule Kilangali, kwenye shamba la mbegu alikokuwa mlinzi. Homa ya siku nne. Nilikupigia simu ya maandishi siku ileile kutoka stesheni. Sijui kama ilifika, maana hukuja.

Sikulia. Nakwambia mwenyewe kabla hujaletewa na wengine. Mama mkwe, Mama Tabea, alinitazama kwa siku tatu za msiba, kisha akasema mbele ya watu: "Huyu mwanamke machozi hakupewa tangu kuumbwa." Alisema kwa Kimasai, na Parsimei, kaka yake Lemomo, akanitafsiria nisije nikakosa. Nimeishi na lugha yao miaka saba. Sikuwa nimekosa.

Sasa wanamtaka mwanangu Nalangu. Wamepangiwa kijiji cha mifugo upande wa mbugani na wanataka kuhama naye. Kwao mtoto ni wa baba. Kwetu mtoto ni wa tumbo la mama, na wa kumsemea ni mjomba. Katibu wa kijiji, Bwana Ulimboka, amekataa kuamua. Amesema tukae kikao hapa Kidete, Jumamosi ya tarehe 1 Machi, Parsimei akisharudi na ng'ombe, na kila upande uje na mzee wake. Mzee wangu ni wewe. Usipokuja, upande wetu hauna kinywa.

Nalangu ana miaka sita na nusu. Anaandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Nafundisha darasa la sita kama kawaida.

Mpwa wako,
Letisia


Mikumi,
2 Novemba 1974

Mpwa wangu Letisia,

Marahaba. Simu ilifika. Naomba tuiache hapo.

Mimi sijambo, magoti ndiyo yanaumwa kwa niaba yangu. Tembo wamevunja tangi la maji kwa mara ya tatu mwaka huu, na mara hii Hifadhi imeandika ripoti, kwa hiyo tembo wamekwisha onywa. Beda dereva ameoa tena. Mwambie mama yako lori la kurudi mlimani nami nikiliona nitalisimamisha.

Kazi imenibana. Unajua chumba changu cha majani makavu hapa Hifadhini, ninakotunza mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kile chenye makabati manne yaliyoachwa na yule Mgiriki wa shamba la katani, naye aliyakuta kwa Mjerumani aliyekuwapo kabla ya vita ya kwanza. Basi amekuja mtaalamu kijana kutoka Dar, amevua miwani, amefungua kabati la kwanza, akacheka. Akasema, "Mzee, haya yamepangwa kwa mtindo wa kizamani." Nikamwambia hata mimi. Ameniachia agizo: kurasa zote mia nne na kumi na mbili zihamishwe zifuate utaratibu mpya. Mtindo wenyewe mpya una karibu miaka hamsini, lakini kwa majani makavu huo ni ujana.

Nikueleze, maana wewe ni mwalimu. Hapo kale alikuwapo Mswidi aliyepanga mimea kwa kuhesabu stameni za ua, zile nyuzi dume zenye chavua, kama mchungaji anavyohesabu mifugo wakati wa kuingia zizini. Hakujali nani kazaliwa na nani. Baadaye wazungu wakaamini kwamba mimea ina ukoo, imetokana mmoja na mwingine kwa vizazi visivyohesabika, na ndipo ugomvi ulipoanza, kama kila penye ukoo. Nani babu? Nani mjukuu? Mjerumani wa Berlin alijibu kama mkaguzi wa elimu: aliye na kidogo ndiye wa kwanza, aliye na vingi amekuja baadaye. Ua lisilo na petali ni darasa la kwanza, halijafika madukani kununua. Kwa hiyo kabati langu linaanza na nyasi, kisha mti wa mvinje, ambao ua lake dume ni stameni moja tu, maskini, imesimama kama mlinzi.

Hivyo ndivyo nilivyoyakuta na hivyo ndivyo ninavyoyavunja. Hata Jumapili nashinda humo. Mchungaji Yohana ameniuliza Mungu alipoumba majani siku ya tatu alifuata mtindo gani. Nikamjibu Mungu hakuacha orodha, ndiyo maana wanagombana.

Machi bado mbali.

Mjomba wako,
Onesphory


Kidete,
1 Desemba 1974

Mjomba,

Shikamoo. Mvua zimeanza. Mama bado yuko juu ya furushi, ila tumelisogeza ndani. Nalangu ameng'oka jino la mbele na amelitupa juu ya bati kama inavyotakiwa. Habari za Mjerumani niliwasomea darasa la sita. Mmoja akauliza kama mvinje unajua kwamba ni wa darasa la kwanza.

Machi haiko mbali.

Parsimei alipita hapa na vijana wawili. Hakuwa na ubaya. Alimletea Nalangu maziwa, akakaa, akanywa chai, kisha akasema jambo alilokuja nalo. Anasema mwaka 1967, kabla ya ndoa yetu, Lemomo alitoa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, akamswaga kwa miguu hadi Mikumi na kumkabidhi mjomba wa bibi harusi mkononi. Kwao ng'ombe akishapokelewa, watoto wamekwenda upande wa mwenye ng'ombe. Anasema kwenye kikao hataongea mengi. Atakuuliza neno moja tu, kama ulipokea.

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui, Mjomba. Sijakuuliza.

Letisia


Mikumi,
11 Januari 1975

Mpwa wangu,

Marahaba, na heri ya mwaka. Krismasi tulipewa nyama ya nyati aliyegongwa na gari barabara kuu. Ilikuwa na ladha ya gari.

Nimefika kabati la pili. Ugomvi wa ukoo unaendelea. Baada ya Mjerumani akatokea Mmarekani, mtu wa nchi ya nyanda na nyasi, akaandika kanuni ishirini na nane, akachora ukoo mzima wa mimea na mchoro ukatoka kama dungusi kakati, ule mmea wa miiba usio na majani. Nimeuona kwenye kitabu cha Mgiriki, kurasa zilizobaki baada ya mchwa. Kisha Mwingereza mmoja wa bustani kubwa kule kwao akapanga njia mbili, ya miti na ya majani, na huyo ndiye tunayemfuata sasa. Hao wawili waligeuza meza ya Mjerumani miguu juu. Walisema babu ni yule mwenye vingi vilivyolegea, petali nyingi, stameni nyingi, kila kimoja kivyake, kama mtopetope. Mtopetope, Letisia, ule wa nyuma ya choo chenu cha zamani! Nao wenye kidogo, nyasi na mvinje, wamekuja mwishoni. Walikuwa navyo. Wakavipoteza kimoja kimoja.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Miaka yote nilikuwa nawatazama kama wachanga.

Utauliza ushahidi uko wapi, maana aliyepoteza na ambaye hakupata wote wanasimama mikono mitupu. Chukua shuke la nyasi, loweka ua lake kwenye maji ya moto, lifungue kwa sindano, utazame kwa lenzi. Chini kabisa, penye shina la ua, utakuta vigamba viwili, vidogo kuliko chembe ya chumvi. Wanaojua wanasema hayo ndiyo mabaki ya petali. Bila lenzi utaapa hakuna kitu.

Costancia mke wangu alipofariki, mwaka wa sitini na sita, nilirudi kazini alasiri ileile kubadilisha magazeti ya kukaushia majani. Majani yasipobadilishiwa magazeti kila siku huoza. Watu walisema. Wewe ulikuwa shuleni, hukusikia, au ulisikia.

Kurasa za nyasi ziko mia na tatu. Nitazihamisha za mwisho.

Onesphory


Kidete,
26 Januari 1975

Mjomba,

Shikamoo.

Hukujibu habari ya mtamba. Umenijibu habari ya nyasi.

Beda amepita hapa na gari la Hifadhi kuchukua saruji. Nikamwuliza kama umeomba ruhusa ya tarehe 1 Machi. Akaitazama kofia yake. Nikamwuliza tena. Akasema, "Dada, mzee hajaomba. Hata bosi anashangaa, mtu huyu hajachukua likizo miaka minane." Mikumi si Ulaya. Treni inatoka hapo mlangoni kwako hadi Kilosa, na Kilosa hadi hapa ni asubuhi moja.

Mama anasema, "Mwambie kaka yangu majani hayo yalikauka zamani, hayatakimbia."

Nalangu ameanza kuuliza kama kule mbugani kuna shule. Parsimei amemwambia itajengwa. Usiku analala ameshika sikio langu. Sisikii chochote nikimwangalia, Mjomba. Najua kwamba nampenda kama mtu anavyojua jina la wilaya yake. Akienda sidhani kama nitalia, nao watasema tena, na safari hii nitawaamini.

Zimebaki wiki tano.

Letisia


Mikumi,
20 Februari 1975

Letisia, mpwa wangu,

Beda anakuletea barua hii mkononi pamoja na bahasha ya pili na kikopo cha tumbaku. Usikifungue mbele ya watu.

Nilipokea. Lemomo alikuja peke yake, vumbi hadi kwenye nyusi, na mtamba yule mwekundu. Nikadhani ni heshima, kama jembe au blanketi anavyopewa mjomba huko kwetu. Kwetu hakuna zawadi inayohamisha mtoto, na sikuuliza kwao ikoje. Mimi ninayeuliza hata ukoka umetoka wapi! Lemomo naye hakueleza, labda alidhani kila mtu anajua. Tukanywa uji. Alikuwa kijana mwenye adabu, alininawisha mikono.

Hapa ng'ombe hakai, mbung'o wangemmaliza kwa mwezi. Wakati huohuo mashamba ya katani yakataifishwa, Mgiriki akawa anafunga virago. Makabati aliipa Hifadhi bure. Lenzi yake hakutaka kuitoa bure, na alihitaji ng'ombe wa karamu ya kuagana na wafanyakazi wake. Basi. Nilialikwa. Nilipewa mbavu.

Sasa unaelewa. Nikija nitaulizwa, nitasema ndiyo, na utampoteza mtoto kwa kinywa changu. Nisipokuja huna kinywa. Nimelizungusha hili tangu Desemba, nikahamisha makabati matatu. Kusema uongo mbele ya watu waliozika nimeshindwa, na sidai sifa kwa hilo, ni uzito tu wa ulimi.

Bahasha ya pili ni ya kikao. Isome au ichome. Ukiichoma, waambie mzee ni mgonjwa, nami nitaugua siku hiyo kuanzia saa tatu.

Wako,
Onesphory


*Kwa Kikao cha Wazee, Kidete, 1 Machi 1975*

*Wazee wangu, Mama Tabea, Bwana Parsimei, Bwana Katibu. Shikamooni mnaostahili.*

*Mtamba mwekundu mwenye baka nilimpokea mwaka 1967 kwa mkono wangu. Letisia hakuwapo na hakujua. Mwezi huohuo nilimbadilisha kwa lenzi hii iliyomo kikoponi, naye akachinjwa. Sina mwingine wa kumrudisha. Huyu ndiye mtamba wenu alivyo leo, namrudisha. Nimeambatanisha shuke la nyasi mnayoijua kuliko mimi. Mwalimu atawaonyesha cha kutazama.*

*Onesphory, mjomba.*


Kidete,
9 Machi 1975

Mjomba,

Shikamoo.

Niliisoma. Bwana Ulimboka alitaka aisome yeye, nikamwambia kinywa ni changu. Tulikaa chini ya paa la ghala, mvua inapiga bati, nikalazimika kusoma kwa sauti ya darasani. Nilipofika "nilimpokea", Parsimei alipiga goti lake kwa kiganja.

"Amekiri," akasema. "Mzee wa watu ni mkweli. Ng'ombe alivuka, mtoto amevuka. Tumemaliza, Bwana Katibu, andika."

Bwana Ulimboka akalamba ncha ya penseli. Mama Tabea akasema, "Alizaa?"

"Nani, mama?" nikauliza.

"Mtamba. Alizaa?"

Nikasoma tena pale pa kubadilishwa na kuchinjwa.

"Kwa hiyo hakuzaa," akasema. "Ameliwa na Mgiriki. Mtamba ambaye hakuvuka hata na ndama wake amemvusha mtoto wa nani?"

"Mama, sheria haiko hivyo."

"Mimi nimezaa saba, Parsimei. Wewe umezaa sheria. Leteni hicho kikopo."

Nilimpa. Aliigeuza lenzi, akainusa. Akatazama kwanza kucha yake, kisha kupe kwenye shuka la Parsimei, akacheka peke yake: "Huyu naye ni ng'ombe!" Nikafungua ua la nyasi kwa sindano kama ulivyoandika. Kabla sijamwonyesha alikuwa ameshaitaja nyasi yenyewe kwa jina, na mwezi inaotoa mbegu, na ng'ombe wanavyoipenda. Nikamwonyesha pa kutazama. Alikaa muda mrefu. Mvua ikapungua tukamsikia anapumua.

"Viwili," akasema. "Ni nini?"

"Mjomba anasema ni petali, mama. Zilizobaki."

"Nyasi haina ua la namna hiyo."

"Ilikuwa nalo."

"Lilikwenda wapi?"

"Hakuna anayejua. Lilipotea zamani."

Hakuitoa lenzi jichoni. Alijivuta kwenye mkeka mpaka magoti yake yakagusa yangu, akanishika kidevu, akaniangalia kwa lenzi, jicho hili, kisha hili. Mkono wake unanuka siagi. Macho yangu yalikuwa makavu. Alipoishusha akasema, "Nimeona." Lemomo alikuwa mtoto wake wa mwisho.

Basi imeandikwa hivi: Nalangu anakaa kwangu hadi amalize darasa la saba, na likizo zote anakwenda kwa bibi yake. Parsimei ametia dole gumba baada ya kulalamika kidogo kwa heshima yake. Mama alifungua furushi la vyungu kwa sababu wageni walipaswa kula. Walipoondoka akavifunga tena.

Lenzi Mama Tabea amekwenda nayo. Ameifunga kwenye pindo la shuka. Amesema mtamba wao amerudi nyumbani na hauzwi.

Nalangu amelala. Ameshika sikio.

Letisia


Mikumi,
20 Machi 1975

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe Mama Tabea salamu zangu, na umwambie asilitazame jua kwa lenzi ile, itamchoma.

Nimefika kwenye nyasi. Bila lenzi siwezi kuzihamisha, vigamba sivioni, na sitaki kuandika nisichokiona. Nimeziacha pale Mjerumani alipoziweka, za kwanza kabatini, mia na tatu. Mtaalamu akirudi atacheka tena, kicheko hakihitaji vifaa.

Leo nimeomba ruhusa, siku tano, za Pasaka. Nitapanda treni ya Alhamisi. Bosi alichukua fomu, akauliza sababu, kama kuna msiba.

Nikamwambia upo. Akauliza lini.

Nikasema, mwezi wa tisa mwaka jana. Akaniangalia, kisha akaandika.

Mjomba wako,
Onesphory